Milton Friedman ni nani, na kwa nini mawazo yake bado yanagusa mfuko wako?

Huenda jina lake hujawahi kulisikia kijiweni. Lakini ukiona dola imepanda tena, ukisikia Benki Kuu imebadili riba, au ukipokea mshahara na kukuta kodi imeshakatwa kabla pesa haijakufikia, basi umegusa mambo ambayo Milton Friedman aliyabishania maisha yake yote.

Mchumi huyu wa Marekani, mfupi wa kimo na mwepesi wa maneno, alikuwa na hoja moja kubwa. Waacheni watu wanunue, wauze na waamue wenyewe. Serikali ibaki na kazi chache: ulinzi, mahakama, kuheshimisha mikataba, na kutochezea pesa.

Wapo wanaomwona kama mtu aliyeokoa uchumi wa dunia. Wapo pia wanaosema huwezi kulitaja jina lake bila kutaja damu ya watu wa Chile. Pande zote mbili zina vitu vya kuonyesha mezani. Twende taratibu.

Mtoto wa duka dogo

Friedman alizaliwa tarehe 31 Julai 1912 huko Brooklyn, New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji kutoka mji uliokuwa chini ya Hungary wakati huo, na ambao leo uko Ukraine. Alikuwa kitinda mimba, na mtoto wa kiume pekee kati ya watoto wanne.

Akiwa bado mdogo, familia ilihamia Rahway, mji mdogo wa New Jersey. Mama yake aliendesha duka dogo. Baba alihangaika na biashara za hapa na pale, na pesa ilikuwa ya mawazo kila mwezi. Milton alipofika miaka 15, baba akafariki.

Kijana alikuwa kichwa darasani. Alimaliza sekondari mwaka 1928 na kupata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Rutgers. Ufadhili haukutosha kila kitu, hivyo akafanya kazi ya uhudumu mgahawani na ya kuuza dukani.

Mpango wake ulikuwa asome hesabu, kisha aajiriwe kwenye kampuni za bima. Lakini mwaka 1929 soko la hisa la New York likaanguka, na Marekani ikaingia kwenye Mdororo Mkuu. Benki zilifungwa. Watu walipanga foleni ya supu. Kufikia 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi.

Alipohitimu 1932, alikuwa na nafasi mbili mkononi: kusoma hesabu Chuo Kikuu cha Brown, au uchumi Chuo Kikuu cha Chicago. Nchi ilikuwa inaungua, na yeye alitaka kujua moto umetoka wapi. Akachagua Chicago.

Darasani huko walikaa kwa kufuata herufi za majina ya ukoo. Aliyekaa jirani yake alikuwa binti aitwaye Rose Director. Walifunga ndoa 1938, wakaandika vitabu pamoja, na wakaishi pamoja miaka 68. Rose naye alikuwa mchumi, na si mtu wa kukaa nyuma ya mume.

Aliyesaidia kuleta kodi ya kukatwa juu kwa juu

Hapa kuna kichekesho. Mtu aliyekuja kuwa adui mkubwa wa serikali kubwa alianzia kazi serikalini.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilihitaji pesa nyingi na kwa haraka. Kabla ya hapo, wafanyakazi wengi walilipa kodi ya mapato mwaka ukishaisha. Kuanzia 1941 hadi 1943 Friedman alikuwa Wizara ya Fedha, na akawa miongoni mwa waliobuni utaratibu wa mwajiri kukata kodi kabla ya kutoa mshahara. Ni ndugu wa kile ambacho Tanzania na Kenya tunakiita PAYE.

Utaratibu ulifanya kazi vizuri mno. Kodi isiyopita mkononi mwako haiumi sana, na serikali ikapata njia rahisi ya kukusanya zaidi. Baadaye Friedman alisema ulihitajika kwa ajili ya vita, ila alijutia kuona umebaki. Rose alikuwa akimtania kwamba hajamsamehe kwa hilo.

Kazi nyingine ya miaka hiyo ilimletea ugomvi. Akiwa na mchumi Simon Kuznets, alichunguza mapato ya madaktari na wataalamu wengine. Walionyesha kwamba masharti magumu ya leseni yalipunguza idadi ya madaktari, na hivyo kupandisha bei ya matibabu. Madaktari hawakufurahi, uchapishaji ukacheleweshwa, na shahada yake ya udaktari wa falsafa kutoka Columbia ikasubiri mpaka 1946.

Mwaka huo huo alirudi Chicago kama mwalimu. Akakaa hapo miaka 30.

Pesa nyingi, maandazi yale yale

Jina la Friedman limeshikamana na jambo moja kuliko yote: mfumuko wa bei. Kwa lugha rahisi, wazo lake ni hili.

Chukulia kijiji chenye maandazi 100 tu, na pesa zote zilizopo kijijini ni shilingi 20,000. Kila andazi litauzwa kama shilingi 200. Usiku mmoja kila mtu akute pesa zake zimeongezeka mara mbili. Asubuhi pesa ni 40,000, lakini maandazi bado ni 100. Hakuna aliyetajirika. Muda si mrefu andazi litakuwa shilingi 400.

Kwa Friedman, bei zikipanda kwa muda mrefu na nchi nzima, usimlaumu muuza duka, mkulima wala mtu wa bodaboda. Mtazame anayetoa pesa. Serikali ikiwa na matumizi makubwa kuliko mapato, kisha ikaitegemea Benki Kuu izibe pengo kwa kutengeneza pesa mpya, mwananchi ndiye atakayelipa kupitia bei. Kwake hiyo ilikuwa kodi isiyopigiwa kura bungeni.

Afrika imeliona hili kwa macho. Zimbabwe ilifika mahali pa kutoa noti ya dola trilioni 100 mapema mwaka 2009, na bado mtu alihangaika kununua mahitaji ya siku chache.

Lakini Friedman alisema pia upande wa pili: pesa ikipungua ghafla, uchumi unakaukiwa. Mwaka 1963, akiwa na Anna Schwartz, alitoa kitabu kikubwa kuhusu historia ya fedha ya Marekani kuanzia 1867 hadi 1960. Walionyesha kwamba kati ya 1929 na 1933 kiasi cha pesa nchini kilishuka kwa karibu theluthi moja, huku Benki Kuu ya Marekani ikiziacha benki zianguke moja baada ya nyingine.

Hilo lilikuwa bomu. Kabla ya hapo wengi waliamini Mdororo Mkuu ulikuwa ushahidi kwamba soko huria limeshindwa. Friedman na Schwartz wakasema sehemu kubwa ya lawama ni ya taasisi ya umma iliyokuwa na uwezo wa kuzuia janga lakini haikufanya hivyo.

Mwaka 2002, Friedman alipotimiza miaka 90, Ben Bernanke, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Benki Kuu hiyo, alikiri mbele yao kwamba walikuwa sahihi, akaomba radhi kwa niaba ya taasisi na kuahidi kosa halitarudiwa. Dunia ilipokumbwa na msukosuko wa fedha 2008, Bernanke ndiye alikuwa gavana mkuu, na alimwaga pesa nyingi kwenye mfumo wa benki ili historia isijirudie.

Utabiri uliompa heshima

Katika miaka ya 1960 wachumi wengi waliamini serikali inaweza kufanya biashara ya kubadilishana: ukivumilia mfumuko wa bei kidogo, unapata ajira zaidi.

Desemba 1967, akihutubia kama rais wa chama cha wachumi wa Marekani, Friedman alisema hiyo ni ndoto ya muda mfupi. Watu si wajinga. Wakizoea bei kupanda, watadai mishahara mikubwa mapema, waajiri wataacha kuajiri, na utabaki na bei za juu bila zile ajira ulizoahidiwa. Mchumi Edmund Phelps naye alifikia hoja hiyo kivyake.

Miaka ya 1970 ikaja. Bei zikapanda, ajira zikapotea, vyote kwa pamoja. Aliyekuwa akionekana mbishi wa Chicago sasa akaonekana kama mtu aliyeiona mvua kabla ya mawingu.

Alikuwa na mchango mwingine ambao mkulima yeyote ataulewa. Katika kitabu cha 1957 alieleza kwamba watu hawapangi matumizi kwa kuangalia pesa ya leo tu. Mkulima wa korosho anayelipwa kwa msimu hali zote mwezi huo huo. Anapiga hesabu ya mwaka mzima, hata ya miaka ijayo. Ndiyo maana serikali ikigawa pesa za mara moja, wengi huziweka au hulipia madeni badala ya kukimbilia dukani.

Vocha, jeshi na pesa kwa maskini

Friedman hakubaki darasani. Kuanzia 1966 hadi 1984 aliandika safu kwenye jarida la Newsweek. Mwaka 1980 yeye na Rose walitoa kipindi cha televisheni cha sehemu 10, pamoja na kitabu kilichouzwa sana. Alikuwa anajibu maswali ya wapinzani huku anatabasamu, na waliojaribu kubishana naye walijua wamekutana na mtu.

Baadhi ya mapendekezo yake ni haya:

Vocha za shule. Mwaka 1955 alipendekeza kwamba badala ya serikali kuendesha shule zote, mzazi apewe vocha ya ada na achague shule mwenyewe, ya umma au binafsi. Wapinzani wanasema mpango huo unazinyonya shule za umma na kuwaacha watoto maskini zaidi nyuma.

Jeshi la hiari. Wakati wa vita vya Vietnam, vijana wa Marekani walilazimishwa kujiunga na jeshi. Friedman alikuwa kwenye tume iliyopendekeza utaratibu huo ufutwe. Ulikoma 1973, na mwenyewe aliiona hiyo kuwa moja ya kazi alizojivunia zaidi.

Pesa mkononi kwa maskini. Hili linawashangaza wengi. Alitaka mtu mwenye kipato kidogo mno asilipe kodi, bali alipwe na mfumo wa kodi wenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba maskini anajua shida zake kuliko ofisa wa serikali, kwa hiyo mpe pesa badala ya mlolongo wa miradi na ruzuku. TASAF ya Tanzania na Inua Jamii ya Kenya hazikutokana na yeye, na zina taratibu zake. Ila wazo la kumpa mtu fedha taslimu aamue mwenyewe liko jirani kabisa na alichokuwa anakisema.

Thamani ya fedha iamuliwe na soko. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisema serikali ziache kupanga kwa amri bei ya sarafu zao dhidi ya dola. Wakati huo alionekana mtu wa ajabu. Kufikia 1973 mataifa makubwa yalikuwa yameshaanza kuacha sarafu zao zielee.

Chile, doa ambalo halikufutika

Sasa tufike pale ambapo mashabiki wake hupunguza sauti.

Kuanzia 1956, Chuo Kikuu cha Chicago kilikuwa na makubaliano na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile. Vijana wa Chile walikwenda Chicago kusoma uchumi, wakarudi nyumbani wakiwa na imani ya soko huria. Wakaja kuitwa "Chicago Boys".

Tarehe 11 Septemba 1973, Jenerali Augusto Pinochet alimpindua Rais Salvador Allende, mjamaa aliyechaguliwa kwa kura. Uchumi ulikuwa hoi, na mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 300 kwa mwaka. Jeshi likafunga bunge, likapiga marufuku vyama, likawakamata na kuwatesa maelfu ya watu. Katika utawala huo wa miaka 17, zaidi ya watu 3,000 waliuawa au walipotea.

Machi 1975 Friedman alikwenda Chile kwa siku chache kutoa mihadhara. Alikutana na Pinochet kwa muda wa kama dakika 45, kisha akamwandikia barua. Ushauri wake: kata matumizi ya serikali haraka na kwa kina, acha kuchapisha pesa, fungua biashara. Aliuita tiba ya mshtuko.

Chicago Boys wakapewa usukani wa uchumi. Mwaka huo huo pato la nchi lilishuka kwa zaidi ya asilimia 10 na wengi wakakosa kazi. Bei zilitulia polepole na uchumi ukaanza kukua. Halafu 1982 ukaanguka tena vibaya. Benki zikafilisika na serikali ikalazimika kuzichukua. Watetezi wa Friedman hukumbusha kwamba Chile ilikuwa imeifunga sarafu yake kwenye dola, tofauti na alivyofundisha kuhusu sarafu kuelea. Wapinzani hujibu kwamba walioumia hawakuwa na muda wa kusoma maelezo hayo.

Agosti 1976, Orlando Letelier, aliyekuwa balozi wa Allende nchini Marekani, aliandika makala akisema sera zile na ukandamizaji ni kitu kimoja. Huwezi kukata mishahara na huduma kwa kasi hiyo kwenye nchi ambayo watu wana vyama vya wafanyakazi na haki ya kupiga kura. Lazima kwanza uwanyamazishe. Tarehe 21 Septemba, Letelier aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake jijini Washington. Waliohusika walikuwa majasusi wa Pinochet.

Wiki chache baadaye Friedman akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Alipokwenda Stockholm kuipokea, waandamanaji walimsubiri nje, na ndani ya ukumbi mtu mmoja akapaza sauti ya kupinga.

Mwenyewe alijitetea hadi mwisho. Alisema hakuwa mshauri wa Pinochet, hakulipwa na serikali yake, na kwamba daktari akiitwa kutibu tauni hakatai kwa sababu haupendi utawala wa nchi hiyo. Aliuliza kwa nini hakuna aliyeandamana alipokwenda China ya kikomunisti kutoa ushauri kama ule ule. Na alisisitiza kuwa uhuru wa uchumi mwishowe huvuta uhuru wa siasa: mwaka 1988 Wachile walimkataa Pinochet kwa kura, na 1990 utawala wa kiraia ukarudi.

Hoja hiyo ina nguvu, ila ina tundu. Kura ile ililetwa pia na miaka mingi ya maandamano, makanisa, vyama na familia za waliopotea. Soko peke yake halikuwatoa wanajeshi ikulu.

Na deni halijaisha. Oktoba 2019 nauli ya treni za jijini Santiago ilipandishwa kwa peso 30 tu, na nchi ikalipuka. Waandamanaji walisema tatizo si peso 30, ni miaka 30 ya pengo kati ya walionacho na wasionacho, ya pensheni ndogo na ya elimu ya gharama. Chile imepunguza umaskini sana kuliko majirani wengi. Bado wananchi wake hawajakubaliana kama bei waliyolipa ilikuwa ya haki.

Na huku kwetu?

Friedman hakuwahi kuongoza sera za Tanzania wala Kenya. Lakini upepo aliosaidia kuuvumisha ulifika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere alikuwa anavutana na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lililotaka shilingi ishushwe thamani na serikali ipunguze mkono wake kwenye uchumi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilisaini makubaliano. Udhibiti wa bei ukalegezwa, bidhaa zikarudi madukani, mashirika ya umma yakaanza kuuzwa. Ndiyo enzi ya "Mzee Ruksa". Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa, na bei ya dola ikaanza kuamuliwa sokoni. Kenya nayo iliiacha shilingi yake ielee mwaka 1993.

Upande wa pili wa sarafu ulikuwa mchungu. Kuchangia gharama za shule na hospitali kuliwaacha watoto wengi nje ya darasa. Tanzania ilifuta ada ya shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya mwaka 2003, na madarasa yakafurika. Ile ilikuwa picha ya wazi kwamba ada ndiyo iliyokuwa imefunga mlango.

Wengi huichukulia IMF na Friedman kama chungu na mfuniko. Ukweli una mkanganyiko. Friedman aliipinga IMF. Mwaka 1998, baada ya msukosuko wa Asia, alitetea hadharani hoja ya kuifuta, akisema mikopo yake huwaokoa wakopeshaji matajiri na kuwapa moyo wa kukopesha ovyo tena. Hapo angekaa meza moja na wanaharakati wengi wa Afrika, ingawa wangegombana mara tu chai ikiletwa.

Alikosea wapi?

Dawa yake maarufu ilikuwa rahisi: Benki Kuu iongeze pesa kwa kiwango kile kile kidogo kila mwaka, na isifanye ujanja mwingine. Oktoba 1979, Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilianza kubana kiasi cha pesa. Mfumuko wa bei ulishuka kutoka zaidi ya asilimia 13 mwaka 1980 hadi karibu asilimia 3 mwaka 1983. Gharama yake: ukosefu wa ajira ulivuka asilimia 10, na riba kubwa za dola zikazitumbukiza nchi nyingi maskini kwenye madeni.

Halafu ikaonekana pesa haipimiki kirahisi. Watu walihamisha akiba kwenye aina mpya za akaunti, na uhusiano kati ya kiasi cha pesa na bei ukayumba. Marekani ikaacha njia hiyo. Mwaka 2003, kwenye mahojiano na Financial Times, Friedman mwenyewe alikubali kwamba kulenga kiasi cha pesa hakukufanikiwa kama alivyotarajia.

Tanzania ilikaa na njia hiyo muda mrefu zaidi. Benki Kuu ya Tanzania iliongoza sera kwa kufuatilia kiasi cha fedha mpaka Januari 2024, ilipohamia kwenye Riba ya Benki Kuu, ikianza na asilimia 5.5. Fikiria pesa za kwenye simu, zinazohama mikono mara kadhaa kwa siku moja, na utaelewa kwa nini kuhesabu noti pekee hakutoshi.

Mwanzo wa mwisho, na kilichobaki

Mwaka 1977 Friedman na Rose walihamia San Francisco, ambako alijiunga na Taasisi ya Hoover ya Chuo Kikuu cha Stanford. Alikuwa kwenye bodi ya washauri wa uchumi wa Rais Ronald Reagan, na 1988 akapewa Nishani ya Rais ya Uhuru. Alifariki tarehe 16 Novemba 2006, akiwa na miaka 94. Rose alimfuata mwaka 2009.

Baadhi ya aliyoyapigania leo yanaonekana ya kawaida mpaka watu wamesahau kwamba yaliwahi kubishaniwa. Karibu kila Benki Kuu inakubali kwamba kulinda thamani ya pesa ni kazi yake ya kwanza. Wanaogawa pesa taslimu kwa maskini, wengi wao wa mrengo wa kushoto, wanatumia hoja ya mtu wa mrengo wa kulia.

Mengine bado ni vita. Nani anajenga shule pale ambapo hakuna mfanyabiashara atakayepata faida? Nani anamtibu asiye na kitu? Soko lina majibu mazuri sana kwa mwenye pesa ya kuuliza swali.

Na swali la Chile linabaki kwa kila nchi inayotaka mageuzi ya haraka, iwe ya kuelekea soko au ya kuelekea dola. Mtaalamu akija na hesabu zilizonyooka, bei zitashuka lini na nakisi itazibwa vipi, ni muhimu kuuliza kitu kimoja ambacho hakimo kwenye majedwali yake: je, watakaobeba mzigo wana nafasi ya kusema hapana?

Friedman aliamini uhuru wa kuchagua ndio msingi wa kila kitu. Mwaka 1975, watu wa Chile hawakupewa nafasi ya kuchagua hata kama wanautaka ushauri wake.